Uvimbe kwenye Matiti ya Mbwa Jike: Kuugundua, Kuupima na Kusoma Protini Zake

Aliyeuona kwanza hakuwa mwenye mbwa. Alikuwa mlinzi wa lango huko Nyali, Mombasa, mzee wa Kigiriama ambaye kila Jumamosi humwogesha mbwa dawa ya kupe. Mkono ulipopita chini ya tumbo, karibu na mapaja, uligusa kitu kigumu cha ukubwa wa punje ya choroko. Akasema. Akajibiwa kwamba ni maziwa yaliyoganda na yatayeyuka yenyewe. Mbwa yule aliletwa kwangu miezi 14 baadaye. Choroko ilikuwa imekuwa limau, ngozi imepasuka, na picha ya kifua ilionyesha madoa meupe kwenye mapafu. Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniuliza, "Daktari, ningelisema zaidi ingelikuwaje?" Nikamjibu, "Wewe ulisema, mzee wangu."

Mwongozo huu ni wa wote wawili, mzee wa lango na mwenye nyumba. Una kazi ya mikono, ambayo haihitaji masomo. Una pia mambo ya maabara, kwa sababu siku hizi majibu huja na majina ya protini ambayo watu hunitumia kwa WhatsApp usiku wakiuliza maana yake. Mambo hayo mawili yanahusiana sana: zile protini ndizo zinazoeleza kwa nini choroko ni ya kukatwa wiki hii na si ya kusubiriwa mpaka mwakani.

Kinachotokea ndani ya titi

Mbwa jike kwa kawaida ana matiti 10, matano kila upande, kuanzia kifuani hadi kwenye kinena. Wengine wana 8, wengine 12. La 4 na la 5, yale ya nyuma, ndiyo yenye tezi kubwa zaidi, na ndiyo yanayougua zaidi. Wengi wanaougua wana umri wa miaka 8 hadi 10 na hawajatolewa kizazi.

Jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka. Baada ya kila joto, awe amepandwa au hakupandwa, homoni ya projesteroni hubaki juu mwilini mwake kwa miezi 2 hivi. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawajalisikia: projesteroni hiyo huifanya tezi ya titi lenyewe itengeneze homoni ya ukuaji, protini ambayo tumezoea kusema hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Titi hujipa mbolea papo hapo, mwaka nenda mwaka rudi. Ndiyo maana zile sindano za projestini, dawa zinazofanana na projesteroni, za kumzuia mbwa asiingie joto, ambazo wafugaji wengi huzipenda kwa kuwa ni rahisi kuliko upasuaji, huongeza hatari ya uvimbe. Mimi siziungi mkono kabisa.

Seli inayohimizwa kugawanyika kila mara hukosea siku moja inaponakili jeni zake. Ipo protini iitwayo p53 ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye kosa, ijirekebishe au ife. Jeni ya p53 yenyewe ikiharibika, protini hiyo mara nyingi huanza kulundikana kwenye kiini cha seli, tele, lakini haifanyi kazi. Huo ni msingi mbovu ambao mengine hujengwa juu yake.

Mwanzoni, seli za uvimbe huwa bado zina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni. Vipokezi navyo ni protini. Vichukulie kuwa ni masikio ya seli. Titi zima lina masikio hayo, uvimbe mpole (usio saratani) kwa kawaida unayo, na kadiri uvimbe unavyokua na kuharibika ndivyo yanavyopungua, hata uvimbe mkali mara nyingi hukutwa hauna kitu. Hapo seli haizisikilizi tena homoni zilizouanzisha uvimbe. Inajigawa kwa amri yake.

Jambo la tatu ni mshikamano. Ukienda Mji wa Kale ukatazama ukuta uliopukutika, utaona mawe ya matumbawe yameshikwa na chokaa. Chokaa ikiliwa na chumvi, jiwe linachomoka kwa kidole. Seli za titi zimeshikwa kwa protini iitwayo E-kadherini, iliyokaa kwenye utando wa kila seli. Katika uvimbe mbaya chokaa hii hupungua au hupotea, na seli moja moja huchomoka. Nje yake kulikuwa na safu nyingine ya seli zinazozunguka mifereji ya maziwa kama ua, ambazo maabara huzitambua kwa protini ya p63. Ua likiwa zima, ugonjwa bado uko ndani. Likivunjika, seli zilizochomoka zina njia ya kwenda kwenye mishipa ya limfu, kwenye mtoki (tezi ya limfu), na mwisho mapafuni.

Na uvimbe unaokua unahitaji damu. Hutoa protini ya VEGF inayoita mishipa mipya ya damu ichipuke kuelekea kwake, kama mtu anayejiunganishia bomba kutoka kwenye laini kuu ya mtaa. Pamoja nayo hupanda COX-2, kimeng'enya cha uchungu na uvimbe wa moto, ambacho huwa juu sana katika saratani kali zaidi ya matiti, ile inayowaka kama jipu.

Haya hayatokei kwa siku moja, wala si kila uvimbe mpole hufika mwisho wa njia. Katika uvimbe wa matiti wanaoondolewa mbwa, takriban nusu huwa mpole na nusu huwa saratani. Lakini wataalamu waliochunguza uvimbe wa ukubwa mbalimbali walikuta sehemu za upole na sehemu za ubaya ndani ya uvimbe mmoja, na ubaya ukiongezeka pamoja na ukubwa. Choroko bado ina masikio na chokaa yake. Limau huenda limeshavipoteza vyote viwili.

Hatua ya 1: Kagua kila mwezi kwa mikono

Chagua asubuhi, kabla jua la Mombasa halijakaza. Mbwa anayehema kwa joto hatulii na tumbo lake hukakamaa. Mlaze ubavu kwenye kivuli, mtu anayemwamini ashike kichwa. Glavu nyembamba za mpira hazizuii vidole kuhisi uvimbe, kwa hiyo hata anayechunga twahara yake anaweza kukagua vizuri, au kumwelekeza mlinzi huku akiandika.

Anza titi la kwanza la kifuani. Libane taratibu kati ya kidole gumba na vidole viwili, lizungushe, kisha nenda la pili, mpaka la tano. Usiparaze tu kiganja juu ya manyoya. Hivyo ndivyo choroko zinavyopita. Geuza upande. Malizia kwa kugusa kinena na makwapa, kwa sababu matiti ya mbele hupeleka limfu kwapani na ya nyuma hupeleka kinenani. Mtoki uliovimba ni habari muhimu kuliko watu wanavyodhani.

Si kila kinachovimba ni saratani. Wiki kadhaa baada ya joto, jike anaweza kupata mimba ya uongo, matiti yote yakajaa pamoja na hata maziwa yakatoka. Uvimbe laini unaorudi ndani ukiusukuma huenda ni henia. Uvimbe wenye kitundu katikati kinachochezacheza huenda ni buu la nzi. Titi la mbwa anayenyonyesha likiwaka na kutoa usaha ni maambukizi.

Lakini shika hili: mbwa mzee asiyenyonyesha, matiti yake yakawa mekundu, ya moto, magumu kama ubao, na pengine mguu wa nyuma ukavimba, hafai kuchomwa sindano za antibiotiki wiki baada ya wiki kwa jina la jipu. Hiyo inaweza kuwa ile saratani yenye moto niliyoitaja. Huiponyi kwa kisu, na kumkata humwongezea mateso. Anachohitaji haraka ni daktari athibitishe na amtulize maumivu.

Hatua ya 2: Pima kwa rula, andika

Matiti yana namba. Kulia 1 mpaka 5, kushoto 1 mpaka 5, ukihesabu kutoka kifuani. Andika: "kushoto 4, sentimita 1.2, unasogea, ngozi nzima," na tarehe. Piga picha rula ikiwa kando. Ukipata zaidi ya mmoja, andika kila mmoja peke yake, kwa kuwa mbwa yule yule anaweza kuwa na mpole kulia na mbaya kushoto.

Kwa nini sentimita? Kwa sababu madaktari hugawa uvimbe huu katika makundi matatu: chini ya sentimita 3, kati ya 3 na 5, na zaidi ya 5. Walio kundi la kwanza huishi vizuri zaidi kwa mbali. Ndani ya sentimita 1 nafasi ni nzuri zaidi bado, ndiyo maana mimi sisemi "tuangalie kwanza" kwa uvimbe wowote mgumu wa titi. Nilikuwa nikisema hivyo nilipoanza kazi. Najutia.

Hatua ya 3: Vipimo kabla ya kisu

Muulize daktari wa mifugo kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Ni haki yako na hakuna anayepaswa kukasirika. Kisha dai mambo matatu.

La kwanza ni picha za eksirei za kifua, tatu: amelala kulia, amelala kushoto, na chali. Picha moja huficha, kwa kuwa pafu lililo chini hubanwa na doa likapotea. Hata hivyo, madoa yaliyo madogo mno hayaonekani, hivyo kifua safi leo hakina maana kwamba hutarudia tena.

La pili ni damu, na hapa pwani nasisitiza kuhesabiwa chembe zinazogandisha damu. Kupe wetu hueneza erlikia, na mbwa aliyebeba vijidudu hivyo anaweza kuonekana mzima huku chembe hizo ziko chini. Umkate hivyo, atavuja damu mezani. Tibu kwanza ugonjwa wa kupe, kisha panga upasuaji. Damu hiyo hiyo ionyeshe figo, ini na albumini, protini ya damu ambayo ikiwa chini kidonda huchelewa kupona.

La tatu ni sindano nyembamba ya kuvuta seli. Watu huitarajia iseme kama uvimbe ni mpole au mbaya, na kwa titi la mbwa haiwezi kuaminiwa kwa jibu hilo. Faida yake ni kutambua kitu kingine kabisa, kwa mfano mafuta au saratani ya ngozi, na kujua kama mtoki umeshaingiliwa.

Usimpe dawa za maumivu za binadamu wakati unasubiri. Ibuprofeni na diklofenaki za dukani humtoboa tumbo na kumharibia figo. Parasetamoli nayo inaweza kumharibia ini. Zipo za mbwa, daktari atakupa.

Hatua ya 4: Upasuaji, na mtungi ambao wengi huusahau

Daktari anaweza kutoa uvimbe peke yake, titi zima, au safu nzima ya matiti. Kwa mbwa, kutoa safu nzima hakumwongezei maisha kuliko kutoa kidogo, alimradi kingo zilizobaki ni safi. Kwa hiyo usipime uzuri wa daktari kwa urefu wa mshono. Ukitoa kizazi siku hiyo hiyo, kianze kutolewa kabla ya kugusa titi, ili seli za uvimbe zisiburutwe tumboni. Mbwa aliyekuwa na uvimbe mpole akitolewa kizazi, hatari ya kupata mwingine hupungua takriban nusu. Aliye na saratani, faida huonekana zaidi kwa yule ambaye uvimbe wake bado una vipokezi vya estrojeni. Masikio yale yale.

Sasa mtungi. Nimeona nyama ya uvimbe ikitupwa kwenye ndoo kwa sababu hakuna aliyeuliza. Uliza siku moja kabla ya upasuaji, na ulipie maabara mapema ili isiwe kisingizio.

Joto letu huozesha nyama haraka, na protini zake huharibika pamoja nayo. Kipande kiingie kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, mara tu kinapotoka, si baada ya mshono kuisha. Sehemu 1 ya nyama kwa sehemu 10 za formalini. Dawa hii hupenya takriban milimita 1 tu kwa saa, kwa hiyo uvimbe mnene upasuliwe vipande vya sentimita 1 bila kuutenganisha kabisa, na kingo zake zipakwe wino kwanza ili mtaalamu ajue upi ulikuwa upande wa mwili. Chupa iwe ya mdomo mpana. Nyama huingia laini na hutoka ngumu kama yai lililochemshwa. Mdomo mwembamba utailazimu maabara kuivunja chupa. Jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, kwani vifuniko hubadilishana. Usigandishe kwenye friza. Usitumie spiriti wala maji ya chumvi.

Mara nyingi chupa husafiri mpaka Nairobi, kilomita 480 hivi, kwenye maabara kama ya Kabete. Funga chupa, itie kwenye mfuko wa plastiki wenye pamba ya kunyonya, kisha kwenye boksi gumu, na umwambie anayesafirisha kwamba ni formalini. Tuma Jumatatu au Jumanne. Ya Ijumaa italala stoo mpaka wiki ijayo, na nyama ikikaa muda mrefu mno kwenye formalini protini zake hujifungasha kiasi kwamba kingamwili za maabara, yaani protini zinazotumika kuzitambua, haziwezi kuzishika.

Ndani ya boksi weka karatasi: umri, ametolewa kizazi au la, joto la mwisho lilikuwa lini, amewahi kuchomwa sindano ya kuzuia joto, uvimbe ulikuwa titi namba ngapi, sentimita ngapi, una muda gani. Daftari la hatua ya 2 linafanya kazi hapa.

Hatua ya 5: Kusoma majibu

Soma kwanza yale ya kawaida, kabla ya protini. Tafuta aina ya uvimbe, daraja, kingo, na kama kuna seli ndani ya mishipa. Daraja hutokana na mambo matatu yanayotazamwa kwa hadubini: seli zinajipanga vipi kuwa mifereji, viini vyake vinatofautiana kiasi gani, na ngapi zinagawanyika. Kila moja hupewa alama 1 mpaka 3. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la I, 6 au 7 ni la II, 8 au 9 ni la III. Kama pesa ni za kipimo kimoja tu, lipia hiki. Kipimo cha protini kiongezwe pale jibu lake litakapobadilisha uamuzi.

Katika kipimo cha protini, nyama hugandishwa kwenye nta, hukatwa nyembamba mno, sehemu 3 au 4 za elfu moja za milimita, kisha humwagiwa kingamwili inayoshika protini moja tu. Panapokuwa na protini hiyo rangi ya kahawia hutokea. Kwa hiyo mtaalamu hutazama mambo mawili: kahawia ni kiasi gani, na iko wapi ndani ya seli.

Ki-67 hutokea kwenye kiini cha seli iliyo kwenye mzunguko wa kugawanyika, na haipo kwenye seli iliyopumzika. Jina lake linatokana na mji wa Kiel, Ujerumani, na namba ya kishimo cha sahani ya maabara ambamo kingamwili yake ya kwanza ilipatikana. Huandikwa kwa asilimia. Asilimia kubwa ina maana uvimbe unakimbia. Maabara hazikubaliani juu ya mpaka mmoja, hivyo usilinganishe asilimia ya mbwa wako na ya mbwa wa jirani iliyotoka kwingine. Fuata maelezo ya waliosoma kipande hicho.

Vipokezi vya estrojeni na projesteroni navyo hukaa kwenye kiini. Vikiwepo, ni dalili nzuri, na hoja ya kutoa kizazi ina nguvu. E-kadherini inapaswa kuonekana kama mstari wa kahawia kuzunguka kila seli, mfano wa wavu. Mstari ukikatika au ukihamia ndani ya seli, angalia mitoki kwa makini zaidi. p63 ikionyesha ua zima, furahi. COX-2 ikiwa nyingi, muulize daktari kuhusu dawa za mbwa zinazoizuia, ambazo huangaliwa pamoja na figo na tumbo.

Protini ya HER2 ndiyo inayowachanganya watu zaidi, kwa kuwa wameisoma kwenye saratani ya matiti ya wanawake. Kingamwili zinazotumika kuitafuta zilitengenezwa kwa binadamu, na kwa mbwa zimeonekana kushika vitu visivyokuwa HER2. Mtu akikuuzia matibabu ya bei kubwa kwa neno hilo moja, mwombe akueleze upya.

Hatua ya 6: Baada ya nyuzi kutolewa

Rudi kila baada ya miezi 3 katika mwaka wa kwanza. Matiti yaliyobaki yakaguliwe, mitoki iguswe, na kwa aliyekuwa na saratani kifua kipigwe picha tena. Kikohozi kipya, kupungua uzito au kuchechemea visingojee tarehe.

Kama nyumbani kuna jike mchanga, zungumza na daktari mapema. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1969 ulikuta kwamba aliyetolewa kizazi kabla ya joto la kwanza hubaki na asilimia 0.5 tu ya hatari aliyonayo asiyetolewa. Baada ya joto la kwanza ni asilimia 8, na baada ya la pili 26. Watu huzisoma vibaya namba hizi. Hazisemi kwamba mbwa 26 katika 100 wataugua; zinasema hatari imeshuka hadi robo hivi ya ile ya mwenzake. Waliorudi kuupima ushahidi huo baadaye waliuona si mzito kama tulivyofundishwa, na kwa mbwa wakubwa kama wale wa Kijerumani wanaolinda mageti yetu, kutoa kizazi mapema sana kunaweza kuathiri viungo. Kwa hiyo umri upangwe kwa kumtazama mbwa mwenyewe.

Tarehe za ukaguzi ziandike nyuma ya kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu hiyo haipotei, na nakala iwe kibandani kwa mlinzi. Yule mzee wa Nyali sasa anamwogesha mbwa mwingine, jike wa miaka 3. Mwezi uliopita alinipigia simu kuhusu kitu kwenye kulia 3. Kilikuwa kupe, amezama kwenye mkunjo wa chuchu. Nilimshukuru kwa kupiga simu.